Dawa za Bibi Katika Vifurushi Vinne

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Uzi alikuwa na kazi mbili, na zote mbili alizifanya kwa sindano na nyuzi za rangi.

Kazi ya kwanza ilikuwa ya nguo. Bibi yake, aliyemzaa baba yake, alikuwa dobi. Chumba chao cha mbele kilijaa mashati ya wahudumu wa hoteli, sare za walinzi na mashuka ya nyumba ya wageni. Uzi aliketi kwenye kigoda na kushona alama ndani ya ukosi wa kila nguo: nyekundu kwa hoteli, kijani kwa walinzi, njano kwa nyumba ya wageni. Ndiyo maana mtaani walimwita Uzi. Wapo waliosema ni kwa sababu ya wembamba wake, lakini hao hawakuwahi kushika sindano.

"Dobi hafukuzwi na wateja kwa sababu ya doa," Bibi alizoea kusema huku akijaribu joto la pasi kwa kidole kilicholowa mate. "Anafukuzwa kwa kuchanganya. Shati la huyu likienda kwa yule, umekwisha. Kila mtu na furushi lake, na furushi la mtu halifunguliwi mbele ya mwingine."

Kazi ya pili ilikuwa ya dawa. Bibi alikuwa na presha, alikuwa na kisukari, na magoti yake yalimuuma kwa kusimama mbele ya meza ya pasi miaka thelathini. Hospitali ilikuwa na kliniki tatu za mambo hayo, kila moja na siku yake, dirisha lake na daftari lake. Kwa hiyo Uzi alifunga dawa zile kidobi. Kifurushi chenye uzi mwekundu kilikuwa cha presha, siku ya Jumatatu. Cha bluu kilikuwa cha sukari, Jumatano. Cheupe kilikuwa cha mifupa, Alhamisi. Kila kifurushi kilikuwa na daftari lake na vidonge vyake, na aliyefungua cha Jumatatu hakuona cha Alhamisi.

Hakuuanza mchezo huo kwa kupenda. Siku ya kwanza walipeleka madaftari yote matatu pamoja. Karani wa dirishani aliyatazama kama vile amewekewa samaki aliyeoza. "Mama, hapa si stoo," alisema, akayasukuma nje mawili yakaanguka kwenye matope. Juu ya kichwa chake palikuwa na kibao: LETA DAFTARI LA KLINIKI HII TU. Mvua ilikuwa inanyesha. Uzi aliyaokota, akayapangusa kwa sketi ya shule, na mpaka leo anaweza kukuambia karani yule alivaa shati la rangi gani na kifungo kipi kilikuwa kimekatika.

Kulikuwa na kifurushi cha nne. Hicho hakikuwa na uzi. Kilikaa chini ya blanketi la meza ya pasi, na ndani yake mlikuwa na vidonge vya waridi vya maumivu, ambavyo Bibi alivinunua mwenyewe dukani, na kopo la unga wa kijani ambao mama yake Redio aliuza nyumba kwa nyumba.

Redio alikuwa rafiki wa Uzi darasani. Aliitwa hivyo kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzima.

"Mama anasema ule unga unasafisha figo mpaka zinang'aa," alisema siku moja wakiwa njiani.

"Nani amezichungulia zikang'aa?"

"Wewe nawe! Watu wanasema."

"Watu gani?"

"Wanaonunua."

Uzi hakuridhika. Mambo mengi siku hizo hayakumridhisha, na kubwa kuliko yote lilikuwa miguu ya Bibi. Ilikuwa imevimba. Haikuwa ule uvimbe wa jioni ambao mtu akilala unapungua. Huu ulikuwepo hata asubuhi. Uzi alibonyeza juu ya kifundo kwa kidole, na shimo likabaki pale kama kwenye unga uliokandwa.

"Bibi, kunywa maji basi. Tangu asubuhi hujagusa kikombe."

"Nikinywa nitakwenda chooni. Choo kiko nyuma kule, wapangaji wanane tunakipangia foleni. Nani ataishika pasi? Wewe?"

"Izime."

"Niizime, ipoe, niiwashe tena, hoteli wanisubiri? Nenda shule, mwanangu. Kengele haimsubiri mtu mwenye maswali."

Jumatatu mwalimu alimpa Uzi ruhusa ya kumsindikiza Bibi, kwa kuwa Bibi hakuona vizuri maandishi madogo. Walichukua kifurushi chekundu peke yake. Walikaa kwenye benchi tangu saa moja mpaka saa sita kasoro. Tabibu alimpima Bibi, akakunja uso.

"Presha imepanda, mama. Unakunywa dawa sawasawa?"

"Sikosi hata siku moja."

"Kuna dawa nyingine yoyote unayotumia?"

Uzi alifungua mdomo. Papo hapo akahisi kisigino cha Bibi kikimkanyaga kidole cha mguu.

"Ndizo hizo hizo, daktari," Bibi alisema.

Tabibu hakuuliza mara ya pili. Nje palikuwa na watu arobaini, na ulimi wake ulikuwa umechoka. Aliongeza dozi ya kidonge cha kutoa maji mwilini, akagonga muhuri. "Mwingine!"

Walipofika nje, Uzi alikuwa akichechemea. "Kwa nini hukumwambia vile vya waridi? Na ule unga?"

"Vile si dawa, ni vya kunisimamisha tu. Na unga ni chakula."

"Chakula gani kinapimwa kwa kijiko cha chai?"

Bibi alisimama katikati ya njia. "Nikueleze kitu. Kabla hujaanza kunisindikiza, nilimwambia daktari mmoja kwamba nachemsha majani kwa ajili ya magoti. Alikuwa na wanafunzi wake watano wamemzunguka. Akawageukia, akasema, 'Mnamwona? Huyu bado yuko enzi za mababu.' Wakacheka wote, na mmoja alikuwa kijana ambaye shati lake jeupe nimelipiga pasi mimi kwa mikono hii. Nikaapa. Mtu wa pale ataona nilichopewa pale. Basi."

Uzi alikibana kifurushi chekundu kwapani. Alikasirika, lakini hakujua amkasirikie nani: Bibi aliyeficha, au wale waliomfundisha kuficha.

Alhamisi walirudi na kifurushi cheupe. Tabibu wa mifupa alikuwa mpole, alimkanda Bibi magoti, akamwandikia vidonge vya maumivu vya njano, kimoja asubuhi na kimoja jioni. Hakuuliza chochote kuhusu presha; daftari lake halikuwa na neno presha. Nyumbani Bibi alivitia kwenye kifurushi cheupe, na vile vya waridi vikabaki chini ya blanketi, navyo asubuhi na jioni. Presha ilikuwa imeongezewa dozi, sukari ilikuwa na vidonge vyake, kopo la kijani lilikuwa na kijiko chake. Uzi alihesabu siku ile: mara kumi na moja Bibi alimeza kitu. Maji alikunywa kikombe kimoja, cha kusukumia.

Jumanne iliyofuata, Uzi alipokuwa akifunga viatu vya shule, alisikia harufu ya kitambaa kinachoungua.

Bibi alikuwa amesimama mbele ya meza, mkono juu ya pasi, macho yakiwa mbali. Chini ya pasi, shati jeupe la hoteli lilikuwa limeanza kutoa moshi. Katika miaka thelathini Bibi hakuwahi kuunguza hata leso. Uzi aliruka, akaichomoa pasi kwenye umeme.

"Bibi! Una nini?"

"Kichefuchefu tu. Tangu jana chakula kinanirudi." Bibi aliketi sakafuni polepole, kama mzigo unaoshushwa. Uso wake ulikuwa umejaa, macho yamezama. Kisha akasema kwa sauti ndogo, kwa kuwa si jambo ambalo mtu humwambia mjukuu, "Na choo kidogo... tangu jana asubuhi sijapata cha maana."

Uzi alikimbilia rafu ya dawa. Akanyoosha mkono. Mkono ukasita hewani.

Chekundu ni Jumatatu. Bluu ni Jumatano. Cheupe ni Alhamisi. Leo ilikuwa Jumanne. Jumanne haikuwa ya daktari yeyote. Na tena, hata kama ingekuwa, kuvimba miguu ni kifurushi gani? Kutapika ni kifurushi gani? Kutokojoa kuna rangi gani? Alisimama pale na hasira ikampanda, hasira ya kujiona mjinga mbele ya kazi aliyoifanya kwa ustadi mwaka mzima.

Akachukua mfuko mkubwa wa nguo chafu. Akatia chekundu, akatia bluu, akatia cheupe. Kisha akainua blanketi la meza.

"Usiguse hicho," Bibi alisema kutoka sakafuni.

Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, Uzi hakumtii. Akakitia na chenyewe.

Mlinzi aliyekuja kuchukua sare yake ndiye aliyemsukuma Bibi hospitali, kwenye mkokoteni wa kupelekea nguo. "Nimekuwa mashuka sasa," Bibi alinung'unika, na mlinzi akajibu, "Mashuka hayalalamiki, mama. Tulia." Kabla ya kupinda kona ya hospitali Bibi aliacha kutania, na hilo ndilo lililomtisha Uzi zaidi.

Karani alikuwa yuleyule.

"Kliniki gani?"

"Bibi yangu anaumwa sana. Anatapika, hapati haja ndogo, amevimba..."

"Nimekuuliza kliniki gani."

"Zote!"

"Hakuna kliniki ya zote. Leo ni Jumanne, leo ni watoto na meno. Nenda—"

Uzi hakumwacha amalize. Alipiga moyo konde, akaupindua mfuko juu ya kaunta. Madaftari, pakiti, chupa, vidonge vilivyofungwa kwenye karatasi na kopo la kijani vilimwagika mbele ya karani, na vingine vikabingiria mpaka kwenye dirisha la pili, la dawa.

"Wewe mtoto una wazimu?"

"Mwaka mzima ninafunga!" Uzi alilia kwa sauti iliyofanya benchi zima ligeuke. "Nafunga kama mlivyosema! Daftari hili tu, daftari hili tu! Sasa niambieni, Bibi yangu ni wa dirisha gani?"

Halafu mlango wa pembeni ukafunguka, akatoka mfamasia, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Hakumkemea mtu. Alimtazama Bibi kwenye mkokoteni, akambonyeza mguu, akaita muuguzi amwingize ndani. Kisha akaanza kuvipanga vile vilivyomwagika, kimoja pembeni ya kingine, na kadiri alivyopanga ndivyo uso wake ulivyozidi kuwa mzito.

"Hivi vya waridi kawapa nani?"

"Amenunua dukani."

"Na hivi vya njano?"

"Daktari wa mifupa."

"Anakunywa vyote viwili?"

"Asubuhi na jioni."

Mfamasia alizigeuza zile pakiti, akamwonyesha Uzi maandishi madogo chini ya jina kubwa. "Soma hapa. Sasa soma na hapa."

Uzi akasoma. Akasoma tena. Majina makubwa yalikuwa tofauti, rangi tofauti, viwanda tofauti. Lakini maandishi madogo yalisema neno lilelile.

"Ni dawa moja," alisema.

"Ni dawa moja, na anakula dozi mara mbili. Na ni aina ya dawa inayopandisha presha na kuzibana figo. Ulijua kuhusu hivi vya dukani?"

"Nilijua."

"Daktari alipouliza, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Alinikanyaga mguu."

Mfamasia hakucheka. "Siku nyingine, ukikanyagwa, sema huku unalia."

Walimtoa Bibi damu. Majibu yalipokuja, tabibu wa zamu aliyasoma akiwa amesimama, kisha akavuta kiti akakaa. Alisema figo zilikuwa zimelemewa vibaya. Wangechelewa siku chache zaidi, Bibi angeweza kuhitaji mashine ya kuchuja damu, na mashine ya karibu ilikuwa mji mwingine, safari ya saa tano, mara tatu kwa wiki. Uzi aliuwazia ule mkokoteni ukienda saa tano.

Bibi alilazwa. Kwa siku mbili za kwanza hakumsemesha mjukuu wake. Siku ya tatu, haja ndogo ilipoanza kurudi na kichefuchefu kupungua, aligeuza uso ukutani, akasema, "Umenivua nguo mbele za watu."

Uzi alikuwa amejiandaa kwa maneno mengi. Yote yakapotea. "Niliogopa, Bibi. Nilisimama mbele ya vifurushi nisijue leo ni siku ya daktari gani. Nilidhani utakufa nikiwa nachagua rangi."

Mkono wa Bibi ulitoka chini ya shuka ukashika wa Uzi, na haukuuachia mpaka muuguzi alipokuja kubadilisha dripu.

Mchana huo Redio alikuja kumtembelea rafiki yake. Alikuwa na suluhisho, kama kawaida yake. "Tupeni vidonge vyote! Kama vimemfanya hivi, tupeni vyote, mmalize."

Mfamasia, aliyekuwa akipita na orodha mkononi, alisimama. "Vyote? Na vya presha?"

"Si vimemdhuru?"

"Presha ikiachwa bila dawa, yenyewe inaharibu figo. Sukari vilevile. Anayepunguza au kuacha ni tabibu, baada ya kipimo, si mimi wala wewe." Aliketi kwenye ukingo wa kitanda. "Sikilizeni, nanyi mama. Figo ni chujio. Zinahitaji damu ya kutosha ipite ndani yake. Kidonge cha presha ni kizuri. Kidonge cha kutoa maji ni kizuri. Ukiongeza cha maumivu juu ya hivyo viwili, tena siku nenda rudi, damu inayofika kwenye chujio inapungua. Ukiongeza joto la pasi na kutokunywa maji, ndiyo kabisa. Hakuna aliyekupa sumu. Kila mmoja alikupa kitu kimoja bila kujua mwenzake ametoa nini."

"Na unga wa mama?" Redio aliuliza, safari hii kwa sauti ya chini.

"Sijui. Hapo ndipo penye tatizo. Nimelisoma kopo lote, halisemi kilichomo."

Bibi aliinua kichwa. "Kweli?"

"Kweli tupu."

"Hata sabuni yangu ya kufulia imeandikwa kilichomo," Bibi alisema polepole. "Na ile siinywi."

Redio, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, alizimika.

"Nami nina kosa langu," mfamasia aliendelea. "Nimekupa dawa dirishani kwangu mwaka mzima, na sikuwahi kukuuliza nyingine ziko wapi. Nilikuwa naangalia daftari lililo mbele yangu."

Bibi alikuwa mtu wa kukumbuka mabaya, na ilimchukua muda kupata mahali pa kuliweka jambo kama hili, mtu wa hospitali kukiri. Hatimaye alisema, "Mimi nami niliwafanya nyinyi wateja. Kila daktari na furushi lake. Lakini nguo zinatenganishwa kwa sababu wenyewe ni wengi. Figo hizi mwenyewe ni mimi peke yangu."

Alitoka baada ya siku tisa. Dozi za sukari na presha zilibadilishwa, vidonge vya maumivu viliachwa, na kwa magoti alipewa mazoezi, dawa ya kupaka, na amri ya kupiga pasi akiwa ameketi. Alipangiwa na maji ya kunywa kwa siku, kiasi kilichoandikwa, si zaidi wala si pungufu. Kipimo cha pili kilionyesha figo zimepata nafuu, ingawa tabibu hakuficha kwamba hazitarudi kama za msichana na zitapimwa kila baada ya miezi mitatu. Uzi alinunua daftari moja nene, akanakili humo dawa zote: jina kubwa, jina dogo, aliyetoa, siku. Mkono ulimuuma. Aliandika hata lile kopo, na mbele yake akaandika: haijulikani.

Jumatatu walirudi kliniki ya presha. Uzi alitarajia angalau kibao kile kiwe kimeondolewa. Hakikuwa kimeondolewa. Kilikuwa palepale, kimefutwa hata vumbi.

"Daftari la kliniki hii tu," karani alisema bila kuinua macho.

Uzi alihisi ile hasira ikirudi. Lakini Bibi alimtangulia. Aliliweka daftari nene kwenye kaunta, akaliwekea kiganja juu yake.

"Hili ndilo la kliniki hii, baba. Na ndilo la kliniki zote. Ukilirudisha, nitakaa hapa dirishani mpaka uwaite wakubwa zako, na nina kiti changu."

Karani aliinua macho. Alimwona Bibi, akamwona Uzi, na bila shaka akakumbuka vidonge vilivyobingiria. Aliligonga muhuri.

Bibi hakwenda kukaa. Aliligeukia benchi, watu arobaini waliochoka, wengi wao wanawake wa umri wake, mabegi mapajani.

"Jamani, nisikilizeni, sitawachelewesha, foleni yenyewe haiendi," alisema, na mmoja akacheka. "Mimi ni dobi. Niliwaficha madaktari dawa zangu, nikaziua figo zangu nusu kwa mkono wangu. Ukiingia mle ndani, toa kila kitu unachomeza. Cha hospitali, cha dukani, cha majani, cha kopo, hata unachokiita chakula. Wakikucheka, wacha wacheke, lakini waone. Waulize figo zako zimepimwa lini. Na usinunue cha maumivu kila siku kama unanunua chumvi. Wakisema hawana nafasi ya kusikiliza, waambie mwili wako nao hauna nafasi nyingine."

Uzi alidhani hakuna aliyesikia.

Kisha mama mmoja aliyekaa mwisho wa benchi alifungua mkoba wake, akatazama kushoto na kulia, akatoa pakiti ya vidonge vya waridi kutoka ndani ya kitambaa. Akaiweka juu ya daftari lake la kliniki, hadharani. Aliyekaa pembeni yake akamtazama, akavuta pumzi, na kuanza kufungua fundo la khanga yake.